Mwalimu wa ajabu anachekesha kurasa mbili, kisha filamu inalala. Turekebishe nini?

Swali: Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi mkoani Tanga, nasimamia klabu ya filamu ya wanafunzi wa darasa la tano na la sita. Tumeandika filamu fupi ya kuchekesha, kurasa 14 (skripti tumeiambatisha), kuhusu Mwalimu Kombo, mwalimu wa zamu anayekuja kushika darasa wiki moja mwalimu wao anapougua. Anaingia na kuku kwenye kapu, viatu havifanani, anacheza, anaanguka, anafundisha hesabu kwa kuimba. Tulipoisoma mbele ya darasa jingine, watoto walicheka kurasa mbili za mwanzo, kisha wakaanza kuzungumza mambo yao. Tulitazama School of Rock kupata mfano, lakini sisi hatuna magitaa wala bajeti. Turekebishe nini, na tutashuti vipi darasani tukiwa na simu moja ya kurekodia na watoto 12?

Jibu: Mwalimu, vichekesho vyenu havina tatizo. Kuku ndani ya kapu anachekesha, viatu visivyofanana vinachekesha, na watoto wenyewe wamekuthibitishia kwa kurasa mbili. Kinachokosekana ni kwamba Kombo hataki kitu. Ameingia darasani kuwa wa ajabu tu, na kufikia ajabu ya tatu mtazamaji ameshamzoea. Mtoto hufuatilia mtu mwenye shida. Akishajua huyu anatafuta nini na nani anaweza kumkamata, atatulia asubiri, na kicheko kinachotoka kwenye huko kusubiri ni kikubwa kuliko kile cha mlangoni.

Itazameni tena School of Rock mkiwa na kalamu mkononi. Kwa msomaji ambaye hajaiona: ni filamu ya Marekani ya mwaka 2003, mwongozaji ni Richard Linklater, mwandishi Mike White, steringi Jack Black. Dewey Finn ni mpiga gitaa aliyefukuzwa kwenye bendi yake, anadaiwa kodi na rafiki anayeishi naye, Ned Schneebly. Simu inapigwa nyumbani ikimtafuta Ned akashike darasa kwa muda. Dewey anaipokea na kujifanya ndiye Ned, kwa sababu ya hela tu. Siku ya kwanza hafundishi chochote, anawaambia watoto wapumzike. Sehemu hiyo ya vituko vitupu ni fupi sana. Haukupita muda anawasikia watoto wale wakipiga muziki wa kitabuni kwenye kipindi chao cha muziki, na hapo anapata anachokitaka: bendi ya kwenda nayo kwenye mashindano. Tangu hapo kila kituko kina kazi. Anajificha, anadanganya, anaimba, anakimbia, yote kwa ajili ya ile bendi. Na kwa kuwa hawezi kuipata bila watoto, watoto wanageuka kuwa watu muhimu ndani ya filamu, wasiwe wachekaji waliopangwa kwenye madawati.

Basi Kombo anataka nini? Msitafute gitaa la kukodi. Jibu mnalo tayari kwenye kapu. Yai la kuku huanguliwa siku ya 21. Tuseme kuku wa Kombo anaatamia mayai tisa, na Jumapili jioni mwenye nyumba amemwambia hataki mifugo chumbani. Jumatatu asubuhi ni siku ya 17. Ijumaa ni siku ya 21. Wiki yenu moja imejaa yenyewe. Kombo amekubali kushika darasa kwa sababu lina kabati la vitabu nyuma, kubwa, lenye mlango. Anataka chumba, hataki wanafunzi. Huo ubinafsi wa mwanzo msiuondoe, ndio utakaompa mahali pa kubadilika kutoka.

Tazameni yanayojitokeza bila kulazimishwa. Kuku anayeatamia hushuka mara moja kwa siku kula, kunywa na kujisaidia, kama dakika 15 hadi 20, kwa hiyo kila siku kuna sini ya kumtoa nje na kumrudisha bila mwalimu mkuu kuona. Kuku huyo hatagi, hivyo kwa kawaida hapigi ule ukelele wa kutaga. Analia chini kwa chini na kufoka akiguswa. Msiweke sauti ya ukelele wa kutaga, maana mtoto yeyote aliyefuga kuku kwao atawakosoa mara moja. Na siku moja au mbili kabla ya kuanguliwa, kifaranga huanza kusikika akilia ndani ya yai. Hiyo ni zawadi ya bure kwa mwandishi, nitairudia.

Kabla ya hapo, jina. Umemwita mwalimu wa zamu. Kwa wanafunzi wetu mwalimu wa zamu ni yule wa wiki, anayesimamia paredi, usafi na wachelewaji, na yupo kila siku. Watazamaji watachanganyikiwa dakika ya kwanza. Shule zetu hazina kawaida ya kupiga simu aletwe mwalimu wa kushika nafasi kama huko kwa Dewey. Mwalimu akiugua, ama mwenzake anabeba vipindi vyake, ama kiranja anasimama mbele na karatasi ya wapiga kelele. Kwa hiyo mfanyeni Kombo mwalimu wa kujitolea, au mwalimu wa mazoezi kutoka chuoni aliyefika wiki moja mapema kuliko barua yake. Nusu ukurasa inatosha: mwalimu mkuu ana simu sikioni, anasaini karatasi bila kuisoma, anaonyesha mlango kwa kidole. Mgeni ameingia.

Ile karatasi ya wapiga kelele ni mali kubwa kuliko kuku. Kichekesho cha darasani kinahitaji sheria ya kuvunjwa, na sheria lazima ionekane kwa macho. Horace Green, shule ya kwenye filamu ile, ina bango ukutani lenye nyota na alama mbaya za kila mtoto. Dewey analichana. Anayeumia ni Summer, msichana aliyejikusanyia nyota kwa bidii yake yote. Tunacheka, na papo hapo tunaona mtoto mmoja amepoteza kitu. Kwenu, kiranja awe msichana anayeishika karatasi yake kama cheti. Kombo anapoingia anaikuta ina majina manne. Kufika Jumatano haina jina hata moja, kwa sababu darasa zima linanyamaza ili kuku asigundulike. Darasa lililokuwa na kelele kuliko yote limekuwa kimya, na ukimya huo ndio unaomtia mwalimu mkuu wasiwasi. Vuta hapo. Mna injini.

Sasa tuichukue sini moja tuione kwa karibu, ile ya kuingia. Kwenye skripti yenu Kombo anajikwaa, anaanguka, kuku anatoka, watoto wanakimbia. Hapo mmemaliza risasi zote kwa mara moja. Jaribuni hivi. Darasa linasimama: "Shikamoo mwalimu!" Ndani ya kapu kuku analia kidogo. Kombo, haraka na kwa sauti: "Marahaba!" Watoto wanakaa. Kuku analia tena. "Marahaba!" Watoto wanatazamana, nani ameamkia? Kombo, kulifunika hilo, anaenda dawati la kwanza, anainama: "Marahaba. Unaitwa nani? Nyumbani hawajambo? Na bibi?" Anapita dawati kwa dawati. Onyesheni watoto watatu kwa ukamilifu, ruka mpaka wa tisa, kisha kengele ya kipindi inalia na hakuna kilichofundishwa. Mkiwaonyesha wote 12, kila mmoja akichukua sekunde sita, mmeshatumia dakika moja na zaidi kwa utani mmoja. Watatu wanatosha kuweka utaratibu, wa tisa anaonyesha muda umepita.

Kwenye sini hiyo Kombo hachekeshi kwa makusudi hata mara moja. Ana siri na ana haraka. Hili mwambieni kwa mkazo huyo mtu mzima atakayeigiza, hasa kama amezoea vichekesho vya jukwaani: asitoe macho, asikunje mdomo, asibadili sauti. Aicheze kama mtu aliyebeba mayai tisa kwenye daladala. Na kama bado hamjampata, tafuteni kwanza mtu ndipo mmalizie kuandika. Mike White aliiandika nafasi ya Dewey akimlenga Jack Black, na yeye mwenyewe akaigiza Ned. Mwigizaji wenu akiwa mnene na mpole, au mwembamba na mwenye kigugumizi cha haraka, Kombo awe hivyo hivyo.

Ule wimbo wa hesabu nao una mahali pake. Kwenye filamu Dewey anaimba hesabu kwa sababu amebanwa na mkuu wa shule amesimama pale akimtazama. Wenu unaimbwa tu kwa kuwa mwalimu huyu ni wa kipekee, ndiyo maana ukurasa wa nne ulikufa. Usogezeni Jumanne, mwalimu mkuu akiwa mlangoni na kuku akianza kufoka kabatini. Kombo aimbe jedwali la saba kwa sauti ya juu, watoto waitikie kwa makofi, na mmoja akosee jibu kwa hofu. Mwalimu mkuu, badala ya kukasirika, asahihishe jibu kwa kuimba pia, kisha ashtuke. Msimfanye mwovu. Rosalie Mullins, yule mkuu wa shule aliyeigizwa na Joan Cusack, anakumbukwa kwa sababu ni mama mwenye mzigo wa wazazi wakali mabegani, na hamu ya kucheka ipo chini ya hiyo suti.

Kwa watoto 12, neno la wazi: filamu ya dakika 12 haina nafasi ya watoto 12 wenye kisa. Wanne wapewe kisa, wanane wapewe kazi. Dewey anafanya hivyo hivyo. Wapiga vyombo ni wachache, waliobaki wanapewa taa, ulinzi, mavazi, na Summer anakuwa meneja. Hakuna aliyekaa bure, kwa hiyo hakuna anayeonekana kama kiti. Wenu wanne: kiranja, mpiga kelele mkuu wa darasa ambaye sasa ndiye mlinzi wa ukimya, mtoto anayefuga kuku nyumbani na kumjua kuku kuliko mwalimu, na mtoto asiyezungumza. Wale wanane: wa dirishani, wa maji, wa pumba, wa kufagia, wa kukohoa kuku akilia, na kadhalika. Kila mmoja awe na kitendo kimoja anachokirudia mara mbili tu.

Mtoto asiyezungumza ndiye mwenye ukurasa wa nane. Kwenye School of Rock, mwanafunzi mmoja, Tomika, anamfuata Dewey kumwambia anataka kuimba, na kwa muda filamu inaacha kuchekesha. Nanyi mnahitaji dakika moja ya namna hiyo, theluthi mbili ya safari. Alhamisi, wenzake wamekwenda mapumziko, anaokota yai taratibu, analiweka sikioni. Anasikia. Anamgeukia Kombo na kusema neno lake la kwanza kwenye filamu: "Analia." Kombo naye aweke sikio. Hakuna muziki. Mkiikata sini hii kwa kuogopa kwamba watoto watachoka, mwisho hautakuwa na uzito, kwa sababu hadi hapo mayai ni kichekesho tu. Hapa yanakuwa hai.

Na uongo ulipwe. Dewey anaumbuka usiku wa wazazi, na wanaokwenda kumfuata na basi la shule ni watoto. Uamuzi unakuwa wao. Alhamisi mchana Kombo akamatwe na aondolewe. Ijumaa darasa halina mwalimu. Watoto 12, kabati, ukimya, na mwalimu mkuu anakuja kuangalia kwa nini kuna ukimya. Mkimrudisha Kombo ndiye aokoe hali, mmewapora watoto filamu yao.

Kwa hesabu ya ukurasa mmoja kwa takriban dakika moja, 14 ni nyingi kwa uwezo wenu. Ondoeni kucheza, kuanguka, na ile sini ya sokoni. Mtabaki na 11 au 12.

Kushuti

Tengeni Jumamosi mbili, saa nne za kazi kila siku, mapumziko ya robo saa kila baada ya dakika 45. Zaidi ya hapo watoto wanachoka na nyuso zinakufa, hata wakisema hawajachoka. Pateni kibali cha shule na ridhaa ya maandishi ya kila mzazi, ikitaja filamu itaonyeshwa wapi: shuleni tu, au pia mtandaoni. Na kabla ya kwenda kushuti kwa lengo la kuonyesha hadharani, ulizieni utaratibu wa Bodi ya Filamu. Msisubiri mpaka imekamilika.

Simu ilazwe, siyo kusimamishwa. Futa lenzi, weka hali ya ndegeni, rekodi kwa 1080p. Kama programu ya kamera inaruhusu, chagua fremu (picha) 25 kwa sekunde na shata (muda ambao kila picha inapokea mwanga) 1/50 ya sekunde. Umeme wetu ni wa hezi 50, na taa za tyubu hutoa mistari inayotambaa kwenye picha shata ikipishana na mdundo huo. Kama simu haina chaguo hilo, zima taa kabisa, tumia madirisha. Bonyeza uso wa mwigizaji kwenye skrini mpaka fokasi na mwanga vijifunge, la sivyo picha itapauka na kukolea kila mtu anapopita. Usivute picha kwa vidole, sogea. Dakika moja ya 1080p kwenye simu nyingi inakula kama megabaiti 130, kwa hiyo dakika 90 za kurekodi ni karibu gigabaiti 12. Achieni nafasi 20, na hamisheni kazi kwenye kompyuta na flashi wakati wa chakula cha mchana, kabla ya kuanza awamu ya pili.

Madarasa yetu mengi yana madirisha pande mbili, na mwanga wa pande mbili hufanya uso kuwa bapa. Zibeni upande mmoja kwa vitenge viwili au vitatu, kamera ikae ikilipa mgongo dirisha lililo wazi au kando yake, kamwe isilitazame. Saa mbili hadi tano asubuhi mwanga ni mzuri.

Urefu wa kamera: sentimita 90 hadi 100 kutoka sakafuni, usawa wa macho ya mtoto aliyekaa. Msishuti kutoka usawa wa mtu mzima aliyesimama, maana watoto watakuwa vichwa na visogo. Kombo aonekane kutoka kwa watoto siku zote, mpaka sini ya kuondolewa Alhamisi. Hapo kwa mara ya kwanza kamera ipande kwenye usawa wa macho ya mwalimu mkuu, na Kombo ataonekana mdogo bila mtu kusema lolote.

Chora mstari wa chaki sakafuni kutoka ubao hadi kabati, na kamera ibaki upande mmoja wa mstari huo sini nzima. Ukivuka, Kombo atatazama kulia na watoto watatazama kulia, na kwenye uhariri itaonekana wote wanamtazama mtu wa tatu. Kosa hili ndilo linaloharibu filamu nyingi za darasani, na haliponi kwa kuhariri.

Mpangilio wa siku: anza na shoti pana ya darasa zima, mara mbili. Halafu nyuso za watoto, wote, asubuhi wakiwa wabichi. Kombo mwisho, kwa sababu mtu mzima anaweza kurudia saa tisa alasiri. Kwa kila mtoto rekodi mitazamo minne: kushangaa, kuogopa kukamatwa, kuzuia kicheko, kusikiliza. Sekunde kumi kila mmoja. Watoto 12 mara minne mara sekunde kumi ni dakika nane tu za kurekodi, na hizo ndizo zitakazoiokoa filamu. Usimwambie mtoto "cheka" au "ogopa". Atakupa uso wa kwenye kitambulisho. Mweke Kombo nyuma ya kamera afanye jambo ambalo halimo kwenye skripti, tofauti kila mara. Kwa mtazamo wa kusikiliza, mwambie ahesabu magari yanayopita nje.

Kuku asionekane na watoto mpaka shoti ya kwanza ya kapu kufunguliwa. Shoti hiyo mnayo mara moja tu, kwa hiyo kamera iwe kwenye nyuso, siyo kwenye kapu. Kapu mtalirudia baadaye. Anayetazama lenzi hasaidiwi kwa kukaripiwa. Bandika kipande cha plasta ya rangi kando ya kamera na umwambie hapo ndipo kuku alipo.

Kuhusu wanyama: msimhamishe kuku anayeatamia kweli, anaweza kuyaacha mayai. Tumieni kuku mtulivu wa kawaida, afunikwe kanga kabla ya shoti, kwani gizani hutulia, na mayai ya kuchemsha ili yakidondoka msipoteze nusu saa mkifagia. Vifaranga wa sini ya mwisho waazimwe kwa mfugaji saa hiyo hiyo. Kifaranga wa siku moja anahitaji joto la nyuzi 32 hadi 35, hivyo dakika tano nje, kisha arudi kwenye boksi lenye taa. Mikono ioshwe kwa sabuni kabla na baada.

Sauti ndiyo itakayowatesa zaidi kuliko picha. Sakafu ya saruji na bati juu hurudisha mwangwi, na maikrofoni ya simu iliyo mita tatu mbali inachukua mwangwi wote. Tafuta simu ya pili, hata iliyochakaa, chomeka earphone zenye maikrofoni, ipitishe ndani ya shati la anayezungumza, sentimita 15 hadi 20 chini ya kidevu. Washa zote mbili, piga kofi moja mbele ya kamera. Kwenye uhariri mtalinganisha kofi na kofi. Tandika mablanketi au magodoro nyuma ya kamera. Zima feni. Mvua ikigonga bati, simamisheni kazi, hakuna programu itakayoiondoa. Kabla ya kutoka kila chumba, wote wanyamaze, rekodi sekunde 30 za ukimya wa pale. Filamu yenu ni ya ukimya, na ukimya uliokatwa vipande bila kuzibwa hupiga kelele. Sauti ya kuku rekodini peke yake, bandani, dakika tano. Hatalia kwa zamu yenu.

Muziki: msichukue wimbo wa redioni. Waliotengeneza School of Rock walikuwa na bajeti ya dola milioni 35, na bado kuupata wimbo mmoja wa bendi ya Led Zeppelin, Jack Black alilazimika kurekodiwa jukwaani akiwaomba wenyewe, umati wa waigizaji ukishangilia nyuma yake. Wakakubaliwa. Ninyi mna Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 na hamna Jack Black. Gongeni madawati. Watoto wale wa kwenye filamu walipiga vyombo vyao kweli, na inaonekana kwenye vidole. Wenu wana mdundo wa dawati, rula na kifuniko cha chupa ambao hakuna studio itakayowapa.

Kwenye uhariri, kumbukeni kicheko hutoka kwenye uso unaofuata kitendo. Kombo anajibu "Marahaba!" kwa kuku, kata mara moja kwenda kwa kiranja, mwache sekunde moja na nusu bila kufanya lolote. Ukibaki kwa Kombo, mtazamaji hana wa kucheka naye. Msiweke milio ya katuni wala vicheko vya kubandika.

Mkisoma skripti mpya mbele ya darasa jingine, mmoja wenu akae mbele pembeni, awatazame watazamaji tu na kuweka alama kila wanapoanza kujinyoosha au kugeuka. Kosa halipo pale walipogeuka. Mara nyingi liko nusu ukurasa nyuma yake. (Na kama mtawaonyesha darasa la tano ile filamu ya Marekani, itazameni kwanza ninyi: kwao iliwekewa PG-13, alama ya kuwatahadharisha wazazi wa watoto walio chini ya miaka 13, ina sini ya baa na maneno ya hapa na pale.)

Nimebakiza shoti ya mwisho. Filamu ya Dewey inaanza na yeye kujirusha kutoka jukwaani na hakuna anayemdaka. Mwishoni anajirusha tena, wanamdaka. Kitendo kilekile, maana nyingine. Ninyi mnayo karatasi ya wapiga kelele. Ijumaa mwalimu mkuu anaingia, darasa kimya, kutoka kabatini kinasikika kilio kidogo. Mwalimu mkuu anamtazama kiranja. Kiranja anaichukua ile karatasi tupu na kuandika jina la kwanza tangu Jumatano: *Kifaranga*. Kamera iwe juu ya bega lake, sentimita 40 kutoka kwenye karatasi, sekunde tano bila kutikisika, sauti ya penseli irekodiwe peke yake. Wekeni karatasi sita tayari, zenye mistari na mikunjo ileile, kwa sababu herufi zitakosewa, na achongewe penseli mbili.